Blogu ni Daka

Ndugu zangu ambao hamkufika Ngomeni, hapa kwetu Lamu, Jumamosi, wengine kwa arusi ya Langoni na wengine kwa kuachwa na boti, maneno yangu ni haya. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Nimepunguza tu pale nilipokohoa na pale maikrofoni ilipozimika.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa Matondoni mliopanda mashua na jua lote hili, ahsanteni sana. Vijana, hamjambo? Mbona hiyo "hatujambo" ni ya mtu aliyefunga? Haya, tutafika.

Nimealikwa niseme kuhusu kufungua blogu, yaani ukurasa wako mwenyewe wa kuandikia mtandaoni, ili mtu aongeze kipato. Bwana aliyenialika kaniambia, "Mwalimu, wewe waambie pesa inapatikana vipi, mengine watajifunza wenyewe." Nina zaidi ya miaka kumi katika kazi hii, nikitoka shuleni naandika, basi nitasema ninavyoijua. Aliyekuja kutafuta dawa ya kulala maskini akaamka tajiri, mlango ndio ule, na kahawa ya Mkunguni bado iko jikoni.

Hakuna anayetoka? Vyema.

Nani hapa kalelewa katika nyumba ya mawe? Inueni mikono. Ninyi mnajua nyumba zetu zilivyopangwa. Mgeni haingii moja kwa moja kama anayeingia dukani. Kwanza daka, ukumbi ule wa mbele ya mlango, na baraza zake za mawe kulia na kushoto. Ukivuka mlango uko tekani, ukumbi mdogo wa ndani, kisha kiwanda, yaani ua, kisha misana, vile vyumba virefu, hadi ndani kabisa kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, ambako bibi zetu walipanga sahani zao za Kichina. Mpita njia anaishia wapi? Dakani. Hapo anakaa, anapewa kahawa, anapumzika, anazungumza. Posa ngapi za mji huu zimeanzia dakani? Majahazi mangapi yameuzwa dakani, wauzaji wakijifanya wanazungumza habari za mvua? Na je, mmewahi kumwona mwenye nyumba akimtoza mtu pesa kwa kukaa dakani kwake?

Blogu ni daka. Wengi wanaoingia katika kazi hii wanataka kutoza watu pesa ya kukaa barazani. Nilikuwa mmoja wao, na nitawasimulia niliyoyapata.

Mwaka 2012 nilifungua blogu yangu ya kwanza. Sikulipa hata senti, kwa sababu Blogger, mtandao wa kufungulia blogu, ni ya bure, Google waliinunua mwaka 2003 wakaiacha bure hadi leo. Nikaandika nini? Mpira wa Uingereza! Mimi, mwalimu wa darasa la sita, mtoto wa Langoni, ambaye sijapata kukanyaga uwanja wenye nyasi, nikawa mchambuzi. Nilikuwa nikisoma habari kwenye mitandao ya watu, nageuza maneno mawili matatu, naziweka kwangu. Nikatia matangazo ya AdSense, nikakaa kungoja.

Nani hajui AdSense? Ni mpango wa Google, ulianza mwaka huohuo wa 2003. Wao wanaleta matangazo katika ukurasa wako, mwenye tangazo anawalipa, nao wanakupa fungu lako. Lakini fungu hilo hulishiki mpaka lifike dola 100. Likifika dola 10, wanakutumia barua ya karatasi, kwa posta, yenye tarakimu za siri, ili wajue kwamba unakaa kweli pale ulipoandika. Barua hiyo mimi ninayo hadi leo. Ina kingo tatu za kuchana, na kwa ile furaha nilichana vibaya nikakata tarakimu moja nusu. Ikabidi mke wangu aishike dhidi ya taa, tukisomeshana kama watoto wa chuo: hii ni tatu au ni nane?

Ilikuwa nane. Na nilikuwa nimeshika miezi 14. Miezi 14 kwa dola 11! Nilipiga hesabu palepale kitandani nikaona kwamba dola 100 nitazifikia baada ya miaka mingine tisa na ushei, kama mboni hazijapofuka. Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu anayetaka habari za Arsenal ana milango elfu ya kugonga kabla hajafika kwangu. Nilichokuwa nacho kila mtu alikuwa nacho, tena wao walikuwa nacho mapema.

Basi sikilizeni kilichonitoa huko. Sikukibuni mimi, nilikiokota gatini.

Siku moja kijana kutoka Nairobi, begi mgongoni, kanisimamisha amekasirika. Kasema, "Mwalimu, hawa watu wa boti wananizungusha. Nataka kwenda Pate asubuhi saa nne, wananiambia ningoje mpaka jioni. Wanataka nilale hapa nitumie pesa, sivyo?" Nikacheka. Nikamuuliza, umetazama mwezi? Akanitazama mimi kama mganga.

Ninyi mnajua. Boti ya kisiwa cha Pate inapita mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na Mkanda haupitiki mpaka maji yajae. Na siku ile ilikuwa bamvua, siku za maji makuu, mwezi mpevu. Mjomba wangu, nahodha, alikuwa amekaa palepale akishona tanga. Akampa kijana yule darasa bila kuacha sindano. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ni bamvua, maji yanajaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Saa nne asubuhi yamekauka, utasukuma boti kwa miguu. Kila siku inayofuata, jazo linachelewa kwa dakika hamsini hivi. Akamhesabia kwa vidole, akianzia kidole cha mwisho, kama alivyohesabiwa na babake. Kijana akatoa kitabu akaandika. Nikasema moyoni: kumbe hili analitaka mtu!

Usiku ule niliandika yote aliyoyasema mjomba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kichwa cha habari kilikuwa swali la kijana mwenyewe: "Kwa nini boti ya Pate haiondoki asubuhi?" Hakuna aliyekuwa ameandika hilo mahali popote, au kama aliandika mimi sikumpata. Wiki ya tatu nikapata ujumbe, watu watano wanakuja, wameisoma, je, ninamjua nahodha mwaminifu? Ninamjua, ndiye aliyenifundisha kuogelea. Mjomba akawapeleka Pate na Siyu, akarudi, akanitumia shilingi 1,500 kwa M-Pesa bila mimi kumwomba. Kwa safari moja nilikuwa nimeipita ile miezi 14 ya mpira.

Mmeliona daka? Sikumtoza msomaji. Alikaa, akapata jibu lake bure, akaniamini. Alipohitaji boti alinigeukia mimi. Na hadi leo, nyumbani kwangu pesa nyingi za blogu zinaingia kwa njia hiyo: boti, nyumba za kulala, mtu wa kumtembeza mgeni kwenye magofu ya Takwa, mikeka. Matangazo yapo, siyadharau, yananilipia bando na siku nyingine samaki. Lakini sijengi nyumba juu yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Mwalimu, niandike nini?", mimi namrudishia: wewe unaulizwa nini? Fundi wa milango, unaulizwa nini? Unaulizwa mti gani hauliwi na mchwa. Andika. Wewe mwenye punda, unaulizwa kama punda wanateswa. Andika ukweli, pamoja na yale ambayo si mazuri, andika jinsi punda anavyotibiwa akipata kidonda cha mgongo. Swali ukiulizwa mara tatu na watu watatu tofauti, hilo ni makala, lina wenyewe wanaolisubiri.

Mama zangu wa Matondoni, hapa nasema na ninyi. Mwaka juzi nilikuja kwenu nikakaa na mama mmoja tangu adhuhuri hadi alasiri, akisuka. Miyaa, yale majani ya kusukia, imelowekwa, ile ya rangi imechemshwa sufuriani, na bado rangi nyekundu imemkaa kwenye kucha. Vidole havitazami. Macho yalikuwa kwangu, mdomo unazungumza habari za binamu yake, na ukili unashuka mapajani mwake kama nyoka. Nikamuuliza, mkeka mmoja unachukua siku ngapi? Akasema, ukitaka ukili wenyewe, niulize nimesuka pima ngapi, siku sizihesabu. Nikamuuliza unauza bei gani. Akanitajia. Mimi naijua bei ya mkeka uleule ukishafika dukani Nairobi, nami nilinyamaza kwa aibu.

Yule anayeununua Nairobi, anajua nini kuhusu pima za ukili? Hajui. Angejua, angelipa vingine, na pengine angemtafuta msukaji mwenyewe. Sasa mjukuu wa mama yule ana simu. Kila Ijumaa anapiga picha ya mikono tu, uso hapana, bibi hataki, anaandika mistari kumi: leo tumepata miyaa kutoka wapi, rangi hii imechemshwa vipi, mkeka huu umeagizwa na nani. Miezi saba ya kwanza hakuuza kitu. Nasema miezi saba, msifikiri ulimi umeteleza. Mwezi wa nane mtu kaagiza mikeka miwili, akaongeza na ya dadake. Wamekaa pale nyuma, bibi na mjukuu, msiwageukie, wataona haya. Mmegeuka wote!

Ukili hausukwi kwa mpigo. Unasuka pima leo, pima kesho, ndipo unashona. Anayefungua blogu mwezi wa Rajabu akitaka pesa ya nguo za Idi, namshauri akauze mahamri.

Na hapo niseme habari ya misimu, maana hata huku kuna kaskazi na kusi. Machi 2020 ndege za kimataifa zilisimamishwa, hazikurudi hadi Agosti. Hoteli za Shela zikafungwa. Blogu yangu ilikuwa ya wageni mtupu, na mgeni hakuna. Nani atauliza habari za boti ya Pate wakati yumo ndani, amefungiwa? Wasomaji wangu walipungua kama maji ya bamvua yanavyokauka, kwa saa chache tu matope tupu.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alikuwa jikoni akipika vibibi, akaniambia andika hivi. Nikamwambia kila mtu anajua kupika vibibi. Akaniambia, kila mtu wa hapa. Nikaandika kama alivyonisomea: mchele uliolowekwa usiku, tui zito, iliki, hamira, sukari, usagwe mpaka usisikie punje ukipima kwa kidole. Ramadhani ilipoingia mwisho wa Aprili, walikuja watu ambao sikuwajua. Waswahili wa Muscat, wa London, wa Toronto, wengine hawajaiona Amu, ndiyo Lamu yetu hii, miaka 30. Na swali lao lilikuwa moja tu: "Mwalimu, kwa nini vibibi vyangu havitoi vitundu?"

Bibi mmoja wa London, sauti ya mtu mzima, kanitumia ujumbe wa sauti, nusura alie. Watoto wake wamemwambia hizi ni chapati. Mke wangu akamuuliza, jikoni kwako kuna baridi? Akasema kuna baridi. Basi hamira imelala. Akamwambia atie unga ule ndani ya oveni, asiwashe moto, awashe taa yake tu, aache saa mbili uumuke. Kesho yake ikaja picha: kibibi kina vitundu kama mzinga wa nyuki. Nasi huku tukapiga vigelegele, watu wawili jikoni.

Mnaona jambo hilo lilivyo? Mapishi ya vibibi yamejaa kila mahali. Lakini hamira kulala kwa baridi ya London, na taa ya oveni, hilo lilitoka katika kumsikiliza mtu mmoja mpaka mwisho. Siku hizi, tangu 2024, Google wameanza kuweka jibu la mashine juu kabisa, msomaji analipata hapo na hafiki kwako. Vijana wananiambia blogu imekufa. Ile ya mpira niliyokuwa naigiza imekufa kweli, Mungu airehemu. Mashine itakupa vipimo vya vibibi. Haitakwambia ni nahodha gani ameondoka leo, wala haijui mama wa Matondoni amepata miyaa au amekosa.

Na tangu mwaka ule wa 2020 nimejifunza kuandika mapema. Mapishi ya futari yawe tayari Shaaban haijaingia. Safari za Maulidi ziandikwe miezi miwili nyuma. Atakayeandika habari ya Maulidi siku ya Maulidi anaandikia watu waliokwisha fika.

Sasa lile nisilopenda kulisema, lakini nimeahidi.

Nyumba moja ya wageni, sitaitaja, ilinipa shilingi 10,000 niisifu. Sikulala humo hata usiku mmoja. Nilipanda paani, nikanywa maji ya ukwaju, nikapiga picha machweo, nikarudi kuandika. Niliandika neno "utulivu" mara tatu, nimehesabu baadaye. Wiki mbili hazikupita, niko ufukoni naongea na watu, mama mmoja kutoka Nakuru kaja na simu mkononi, mumewe nyuma yake, macho mekundu. Hakunipigia kelele. Alinyoosha kidole kwenye kioo, akauliza taratibu, "Hili neno utulivu, ni wewe uliyeliandika?" Kumbe nyuma ya ukuta wa chumba chao kuna jenereta, na stima ilikatika usiku mara mbili.

Ningejibu nini? Ningesema sikulala? Hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe. Nikawaomba radhi mbele ya watu, nikawatafutia nyumba nyingine kwa shangazi yangu. Makala nikaifuta. Zile 10,000 nikazirudisha, mara mbili, 5,000 kwa 5,000, maana nilikuwa nimekwisha kuzila. Siku hizi nikilipwa kuandika, mstari wa kwanza unasema: nimelipwa. Wengine wanakataa mpango huo, wanaondoka. Waende. Mji huu ni mdogo, daka langu liko njiani, na kila mtu anapita hapo.

Haya madogo nayapita mbio, jua linashuka.

Gharama. Anza na simu uliyonayo na Blogger au WordPress ya bure. Jina lako mwenyewe lenye .co.ke hulipiwa kila mwaka. Usilinunue mpaka uwe na makala ishirini, la sivyo utakuwa umenunua tanga huna chombo. Lugha. Andika ile unayoota nayo. Wakati wengi walidhani mtandao ni wa Kiingereza peke yake, Watanzania kama Ndesanjo Macha walikuwa tayari wanablogu kwa Kiswahili, na mpigapicha Issa Michuzi akaanza yake mwaka 2005, watu wakamfuata kwa maelfu. Mimi naandika kwa zote mbili: habari za wageni kwa Kiingereza, za jikoni kwa Kiswahili, na nikikasirika ni Kiamu. Picha. Usimpige mtu picha bila idhini yake, mama zetu hasa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata isingekuwapo, kuna kuonana kesho njiani. Kodi. Tangu Julai 2023 kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni, basi ukilipwa na kampuni ukaona pungufu, uliza kabla hujagombana na mtu. Na daftari, jamani. Andika kilichoingia na kilichotoka, hata cha bando. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka wangu wa tatu nilidhani nimepata faida, nikafungua daftari nikakuta bando limekula zaidi ya samaki.

Kuna kijana ameinua mkono tangu mwanzo. Sema, mwanangu. Anauliza, "Mwalimu, unapata ngapi kwa mwezi?"

Mmemsikia? Angalau ameuliza kwa adabu. Mwanangu, kaskazi, wageni wakiwepo, kuna miezi inapita mshahara wangu wa ualimu kidogo. Kusi, mvua na mawimbi, kuna mwezi nimepata shilingi 2,300. Mshahara bado nauchukua. Sijaacha shule, na wewe usiache kazi ya babako ya mashua. Ukiiacha mashua, utaandika nini?

Sasa toeni simu zenu. Msifungue kitu. Nendeni pale pa kuandika, mwandike swali moja ambalo mtu amewauliza wiki hii, kama alivyolisema yeye, kwa maneno yake. Mama, kama huna simu mwambie mjukuu. Moja tu. Tutakutana hapahapa Jumamosi ijayo saa nane, kila mtu aje na swali lake na jibu lake, urefu wa mistari kumi, tusomeane.

Nawaona wa Matondoni mmeanza kutazama nje. Kweli, leo ni bamvua, saa kumi imefika na maji yameanza kugeuka. Msiniangalie mimi, angalieni mashua. Yule mwenye ndala za buluu, umesahau kapu lako hapa mbele.

Wassalaam alaikum.